MELI ZA UCHUNGUZI WA MITETEMO BAHARINI: ZANA ZAKE, MAGEUZI YAKE NA WAJIBU WETU

Tangu Zanzibar ilipojitungia Sheria ya Mafuta na Gesi Asilia, Namba 6 ya mwaka 2016, maneno mapya yameingia katika mazungumzo ya maofisini, vibarazani na madikoni: mitetemo, vitalu, data za 2D na za 3D. Mwezi wa Oktoba 2017 meli ya BGP Explorer, ya kampuni ya BGP kutoka China, ilifika katika Bandari ya Malindi kwa ajili ya uchunguzi wa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 2018, Serikali ilitiliana saini na kampuni ya RAK Gas mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji katika kitalu hicho. Mwezi wa Machi 2024 ilizinduliwa duru ya kwanza ya kunadi vitalu, ambapo vitalu vinane vya baharini viliwekwa mbele ya wawekezaji.

Pamoja na habari hizo yamekuja maswali, na ni haki ya wananchi kuuliza. Je, meli hizi zinachimba? Kwa nini huburura kamba ndefu nyuma yake? Je, ni kweli kwamba huwakimbiza samaki? Na ikiwa kazi yao ni muhimu kiasi hicho, kwa nini Serikali isinunue meli yake yenyewe? Makala haya yamekusudiwa kuyajibu maswali hayo kwa lugha iliyo wazi, ili mtumishi wa umma anayeshughulikia mikataba na mvuvi anayetega madema waelewe jambo moja kwa namna moja.

MELI HIZI HAZICHIMBI, HUSIKILIZA

Inafaa ifahamike kwanza kwamba meli ya mitetemo haitoboi ardhi hata kidogo. Kazi yake ni kupeleka sauti chini na kuusikiliza mwangwi unaorudi. Mtu anayetaka kujua kama pipa lina maji hana haja ya kulifungua. Hulipiga kwa kiganja na kusikiliza mlio wake. Meli hizi hufanya vivyo hivyo, ila pipa lenyewe ni miamba iliyolala chini ya sakafu ya bahari kwa kina cha kilomita kadhaa.

Sauti husafiri ndani ya maji ya bahari kwa mwendo wa takriban mita 1,500 kwa sekunde. Kwa hivyo, mahali penye kina cha mita 1,500 sauti itokayo juu hufika chini na kurejea kwa muda wa sekunde mbili. Sehemu ya sauti hiyo hairejei hapo, bali hupenya ndani ya mchanga na miamba, na kila inapokutana na tabaka la aina nyengine kiasi chake hurudi juu. Kwa kupima muda wa kila mwangwi, wataalamu huchora picha ya matabaka: wapi yamelala, wapi yamepinda, wapi yamekatika.

Picha hiyo haionyeshi mafuta. Huonyesha umbo la miamba ambamo mafuta au gesi huenda yakawa yamenaswa, na kuhakikisha kuwemo kwake hapana njia ila kuchimba kisima. Historia yetu inatukumbusha hayo. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni za BP na Shell zilichimba kisima Unguja kilichozidi kina cha mita 4,000, na chengine Pemba kilichozidi mita 3,800. Wakaazi wa Tundaua huko Pemba wanayajua mafuta yanayochuruzika wenyewe kutoka ardhini. Hata hivyo, visima vile havikutoa mafuta ya kutosha kufanyiwa biashara. Wataalamu wa zama hizo hawakukosa elimu wala bidii. Picha walizokuwa nazo zilikuwa chache na hafifu, kwani zana za wakati ule zilikuwa ndivyo zilivyo.

ZANA ZA MELI NA JINSI ZILIVYOBADILIKA

Meli ya mitetemo ina mambo matano ya msingi, na kila moja limepitia mageuzi makubwa.

La kwanza ni chanzo cha sauti. Hapo zamani sauti ilipatikana kwa kulipua baruti majini. Njia hiyo iliua samaki na kuhatarisha mabaharia, na kuanzia miaka ya 1960 nafasi yake ikachukuliwa na bunduki za hewa. Hizi ni mitungi ya chuma iliyojazwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa hadi mgandamizo unaozidi mara 130 ule wa hewa tunayoivuta. Mitungi inapofunguka kwa pamoja, hewa huchomoka kwa ghafla na kufanya povu kubwa linalotoa mshindo. Jambo hilo hurudiwa kila baada ya sekunde kumi hivi, usiku na mchana. Kwa hivyo si sahihi kuufananisha uchunguzi huu na uvuvi wa baruti unaopigwa marufuku na sheria, ingawa, kama itakavyoelezwa mbele, si sahihi pia kusema kwamba mshindo huo hauna athari yoyote.

La pili ni masikio ya meli, yaani kebo zinazoburutwa nyuma yake. Ndani ya kebo hizo mna vipokea sauti viitwavyo haidrofoni, vilivyopangwa kwa maelfu. Meli ya zamani iliburuta kebo moja tu na kupata picha ya mstari mmoja, mfano wa mtu aliyekata mkate mara moja akatazama upande ule wa kisu. Hiyo ndiyo data ya 2D. Meli ya kisasa huburuta kebo nyingi zilizotandazwa sambamba, na picha yake ni ya mkate mzima uliokatwa vipande vyembamba. Hiyo ndiyo data ya 3D. Aidha, kebo za zamani zilijazwa mafuta ili zielee, na zilipochanika mafuta hayo yalimwagika baharini. Kebo za siku hizi hujazwa vitu vigumu au mfano wa ute, hivyo kuchanika kwake hakuchafui maji.

La tatu ni kujua mahali. Mwangwi usiojulikana umepokelewa wapi hauna faida. Zamani meli zilitegemea minara ya redio iliyosimamishwa nchi kavu. Sasa hutumia setilaiti, na kila kebo ina vidhibiti vyenye mabawa madogo vinavyoishikilia katika kina na mstari uliokusudiwa, pamoja na boya la mkiani lenye taa na kipokea ishara.

La nne ni kumbukumbu. Sauti zote hizo huandikwa katika mashine za kuhifadhia data, na kompyuta zilizomo melini huanza kuzichambua kabla meli haijarudi bandarini.

La tano ni mwili wa meli yenyewe. Meli nyingi za mwanzo zilikuwa za uvuvi au za mizigo, zikafungwa winchi na kompresa. Baadaye zilianza kujengwa meli zilizobuniwa kwa kazi hii tokea mwanzo. Mfano ulio maarufu ni zile za Ramform zilizokuwa za kampuni ya PGS ya Norway. Ramform Titan, iliyojengwa Nagasaki nchini Japani na kuanza kazi mwaka 2013, ina urefu wa mita 104 na upana wa mita 70 upande wa tezi. Ukiitazama kutoka juu ina umbo la pembetatu. Upana huo wa nyuma umewekwa ili zipate nafasi winchi 24, kila moja na kebo yake.

KWA NINI SERIKALI ISINUNUE MELI YAKE?

Swali hili huulizwa kwa nia njema. Zanzibar imewahi kujinunulia meli ya abiria na mizigo, MV Mapinduzi II, iliyowasili mwaka 2015 kutoka Korea ya Kusini, na wananchi wanaona faida yake. Lakini meli ya abiria ina kazi kila siku ya Mungu, ilhali meli ya mitetemo ikishamaliza eneo huenda isihitajike tena mahali hapo kwa miaka mingi.

Gharama zake nazo si ndogo. Meli moja ya daraja la Titan iligharimu zaidi ya dola za Kimarekani milioni 200 pamoja na zana zake. Zaidi ya hayo, zana hizo huchakaa upesi kuliko chombo kinachozibeba. Kebo, kompresa na kompyuta hubidi kubadilishwa mara kadhaa katika umri wa meli moja, na kila mara meli hupandishwa chelezoni na kukaa bila ya kuingiza kipato.

Yaliyozipata kampuni kubwa za dunia ni mazingatio. Bei ya mafuta ilipoporomoka kuanzia katikati ya mwaka 2014, kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa hadi chini ya dola 30 mwanzoni mwa mwaka 2016, kazi za uchunguzi zilikatika ghafla. Kampuni ya Dolphin ya Norway ilifilisika mwezi wa Disemba 2015. Kampuni ya Schlumberger, iliyokuwa miongoni mwa vinara wa kazi hii, ilitangaza mwaka 2018 kuacha kumiliki meli za mitetemo, na mwaka huohuo meli zake zikanunuliwa na kampuni ya Shearwater. Mwaka 2021 Polarcus nayo ilishindwa kulipa madeni yake. Mwezi wa Julai 2024 PGS iliungana na kampuni ya TGS. Ikiwa matajiri wenye meli kumi na wateja katika bahari zote wameelemewa, visiwa vyenye meli moja na mteja mmoja vingeelemewa zaidi.

Hii haina maana kwamba nchi za mwambao hazihitaji vyombo vya utafiti. Jirani zetu wa Kenya wanayo meli ya RV Mtafiti, waliyopewa na Ubelgiji, inayotumiwa na taasisi yao ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyopo Mombasa. Chombo cha namna hiyo hupima maji, samaki na sakafu ya bahari, na kazi yake haikauki. Lakini kwa mitetemo ya kina kirefu njia iliyo ya busara ni kukodi, ama kuziruhusu kampuni zikusanye data kwa gharama zao na kuwauzia wanaoihitaji, huku Serikali ikibaki na haki zake. Ndivyo ilivyofanyika Tanzania katika miaka ya 1999 na 2000, pale kampuni ya Western Geophysical ilipokusanya data za 2D katika kina kirefu cha bahari. Baada ya miaka kumi hivi, mwaka 2010, ikagunduliwa gesi ya kwanza ya kina kirefu katika Kitalu Namba 4, na mwaka 2012 kisima cha Zafarani kikafanikiwa katika Kitalu Namba 2. Safari ya kutoka kwenye mwangwi hadi kwenye gesi ni ndefu, na anayeahidi matunda ya mwaka mmoja anawapotosha wananchi.

BAHARI YETU SI YA NAMNA MOJA

Meli kubwa yenye kebo nyingi hufaa mashariki ya visiwa, ambako bahari huanguka ghafla katika kina kirefu. Hufaa pia, kwa uangalifu, katika Mkondo wa Pemba ambao kina chake ni mamia ya mita. Lakini haiwezi kupita katika mkondo baina ya Unguja na Bara, wenye maji ya makumi machache ya mita na miamba ya matumbawe, wala kuingia katika ghuba za mikoko za Pemba.

Huko hutumika kikundi cha vyombo vidogo. Boti moja hubeba bunduki za hewa, nyengine hutandaza vinasa sauti sakafuni mwa bahari, nyengine huvifuata na kuviokota. Maji yanapokupwa, wafanyakazi hushuka na kuvipanga kwa mikono katika pwani ileile ambayo akina mama wamefunga kamba za mwani na kuokota chaza. Kwa maneno mengine, sehemu iliyo ngumu kuliko zote kwa mitambo ndiyo iliyo karibu kuliko zote na riziki za watu.

Tofauti ya nchi kavu na bahari inastahili kuzingatiwa hapa. Huko Bara, katika bonde la Eyasi-Wembere ambalo hugusa Wilaya ya Karatu mkoani Arusha, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limefanya uchunguzi wa mitetemo kwa ajili ya mafuta. Mkulima wa Karatu huona vigingi vimesimikwa na nyaya zimelazwa. Anajua mstari umepita shambani kwake, na mazao yake yakikanyagwa huhesabiwa mche kwa mche. Vivyo hivyo mfugaji wa Ngorongoro anaijua njia ya mifugo wake na anaweza kuionyesha kwa kidole. Baharini hakuna kigingi. Mstari wa meli haubakishi alama, na mvuvi hana ua unaoonyesha kwamba hapa ndipo alipotega jana. Kwa hivyo baharini taarifa ndiyo kigingi. Taarifa isipomfikia mvuvi kwa wakati, ni sawa na mtu kupitishiwa barabara shambani usiku akiwa amelala.

MVUVI NA MELI

Mambo yafuatayo yanawahusu khasa wavuvi, manahodha na masheha wa shehia za pwani.

Meli inayochunguza huenda mwendo wa maili 4 hadi 5 za baharini kwa saa, yaani kilomita 8 hivi. Kebo zake aghlabu huwa na urefu wa kilomita 6 hadi 10. Basi mvuvi aliyeiona meli imempita asidhani kwamba hatari imeondoka, kwani mkia wa kebo yenye kilomita 8 utapita mahali pale baada ya takriban saa nzima. Kebo hukaa chini ya uso wa maji kwa kina cha mita kadhaa hadi ishirini na ushei, na ngalawa inaweza kupita juu yake bila ya nahodha kuiona. Lakini jarife na kamba za maboya ya madema haziwezi kusalimika.

Meli hiyo haiwezi kusimama ghafla wala kukwepa, na kugeuka kwake huchukua saa kadhaa. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, wakati wa usiku huwasha taa tatu zilizosimama wima: nyekundu juu, nyeupe katikati, nyekundu chini. Wakati wa mchana hutundika maumbo matatu meusi: la juu na la chini ni ya mviringo, na la katikati limechongoka juu na chini mfano wa kipande cha kashata. Kila nahodha anayeziona alama hizo ajiweke mbali na njia ya meli, na asikatize nyuma yake.

Kuhusu samaki, ukweli lazima usemwe. Mwaka 1992 wataalamu wa Norway walifanya jaribio katika bahari yao ya kaskazini kwa kulinganisha samaki waliovuliwa kabla ya bunduki za hewa, wakati zikipigwa na baada yake. Samaki wa aina mbili zinazovuliwa sana huko walipungua kwa wastani wa nusu katika nyavu za kuburuta, na siku tano baada ya mshindo kukoma walikuwa bado hawajarejea katika kiasi chao. Samaki wale si changu wala jodari wetu, na bahari ile si ya matumbawe. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba mvuvi anayelalamika kupungua kwa kitoweo baada ya meli kupita hasemi upuuzi. Malalamiko yake yanastahili kupokelewa, kuandikwa na kuchunguzwa.

Aidha, ipo tahadhari kwa ajili ya nyangumi, pomboo na kasa. Mwongozo wa Uingereza, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1995 na kuigwa na nchi nyingi, unataka awepo mwangalizi atakayeitazama bahari kwa muda usiopungua dakika 30 kabla ya kuanza. Akionekana mnyama ndani ya mita 500, kazi isubiri. Kisha bunduki zianze kwa nguvu ndogo na kuongezwa taratibu kwa dakika 20 au zaidi, ili viumbe vipate nafasi ya kuondoka.

Liko jambo jengine ambalo wapangaji wa kazi hizi hawana budi kulipima. Meli hupenda bahari iliyotulia, kwani mawimbi ya kusi hutia kelele katika kebo na kuharibu data. Lakini utulivu huohuo wa kaskazi na maleleji ndio anaoungoja mvuvi wa chombo kidogo, khasa upande wa mashariki, ambaye miezi ya kusi kali hulala njaa. Wote wawili wanaitaka bahari moja katika miezi ileile. Mmoja ana mkataba ulioandikwa na kulipiwa kwa kila siku. Mwengine hana karatasi yoyote. Kazi ya Serikali ni kuwa karatasi ya huyu wa pili.

ZANA ZINAZOTUPASA KUWA NAZO SISI

Kutokana na maelezo hayo inaonekana kwamba kuifanya kazi hii kuwa ya kisasa hakuishii katika winchi na kompresa. Meli ya kukodi huja na zana zake na huondoka nazo. Zinazobaki ni zile tulizozitayarisha wenyewe.

Kwanza ni watu wanaoweza kuuliza. Maofisa wanaosimamia kazi hizi, wakiwemo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Utafutaji na Uchimbaji wa Mafuta na Gesi Asilia (ZPRA) na wa Kampuni ya Maendeleo ya Mafuta (ZPDC), pamoja na kila idara inayohusika na bahari, hawana budi kupata majibu ya maandishi ya maswali haya kabla ya meli yoyote kuanza:

(a) Meli na zana zake zina umri gani, na zilikaguliwa lini mara ya mwisho?

(b) Kebo ni ngapi, zina urefu gani, na zimejazwa kitu gani?

(c) Boti za kulinda njia ni ngapi, na je, zina watu wanaozungumza Kiswahili na kuyajua madago ya eneo hilo?

(d) Mwangalizi wa viumbe vya baharini ni nani, na ana mamlaka ya kusimamisha kazi?

(e) Nyavu au madema yakikatwa, nani atapokea taarifa, wapi, na kwa muda gani atalipa?

Pili ni hazina ya data. Data za mitetemo ni amana. Mara nyingi data zilizokusanywa miaka thelathini nyuma huchambuliwa upya kwa kompyuta mpya na kuonyesha mambo ambayo hayakuonekana mwanzo. Nchi iliyohifadhi nakala zake hupata faida hiyo bila ya kukodi meli tena. Iliyozitelekeza katika ghala lenye unyevu hulipa mara mbili. Wala faida yake si ya mafuta peke yake. Maelezo ya sakafu ya bahari na unene wa mchanga wake ndiyo hutumiwa na nchi kudai eneo lililo nje ya maili 200, na Tanzania iliwasilisha maombi yake kwa kamisheni ya Umoja wa Mataifa mwezi wa Januari 2012. Vijana wetu wanaosoma jiolojia na fizikia, na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo hapa Zanzibar, wanahitaji kuzisoma data hizo, si kusikia habari zake tu.

Tatu ni daftari la mvuvi. Haiwezekani kuonyesha kilichopungua iwapo haikujulikana kilichokuwepo. Mabwana diko na kamati za wavuvi wanaombwa kuandika kila siku idadi ya vyombo vilivyotoka, aina ya mtego na uzito wa samaki walioletwa, na kuendelea hivyo mwaka mzima, si pale tu meli inapotajwa. Kila mvuvi naye aweke alama yake juu ya maboya ya madema na nyavu zake. Daftari la shilingi chache lililoandikwa kwa uaminifu lina nguvu mbele ya meza ya fidia kuliko maneno ya watu mia.

Nne ni taarifa yenyewe. Tangazo la kazi ya baharini lisiishie katika ubao wa ofisi wala katika masafa ya redio za meli kubwa. Lisomwe misikitini, madikoni na sokoni, litaje siku, mipaka kwa majina ya miamba na mikondo inayojulikana na wenyeji, na litolewe mapema kiasi cha mtu kuweza kutoa madema yake. Watumishi wa wilaya na masheha wahakikishe kwamba limewafikia pia wavuvi walioko dago, kwani hao huondoka kwao kwa wiki nyingi na ndio hukutwa baharini bila ya habari.

HITIMISHO

Wazee wamesema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Meli za mitetemo zimetupa njia ya kuyajua maji yetu na yaliyo chini yake bila ya kutoboa hata tundu moja, na kila mwaka zana zake zinazidi kuwa bora. Huenda chini kule kuna neema, na huenda hakuna. Visima vya zamani vimetufunza kutoapia kilichofichika. Lakini riziki iliyo juu ya maji inajulikana, ina majina ya watu, na inaliwa leo. Mtumishi wa umma anayepewa dhamana ya kuisimamia meli yoyote itakayokuja aanze na hii iliyo dhahiri: ahakikishe mvuvi ameambiwa, daftari limeandikwa na nakala ya data imepokelewa. Baada ya hapo meli ipige mshindo wake.